Sauti ya Ukingo

Oktoba 4, Jumamosi

Msimu umefunguliwa. Tumefagia viwanja vyote viwili tangu saa tatu asubuhi, maana hakuna aliyevigusa tangu Machi. Nyuma ya nguzo tulikuta njiwa aliyekufa. Clement Rudge, katibu wa klabu yetu, akaanza kuuliza utaratibu gani unafaa. Ambrose, mkulima na mwenzangu wa kucheza, akamshika yule njiwa mkia, akamrusha ng'ambo ya ua. Ndivyo walivyo hawa wawili, na sitegemei wabadilike.

Amekuja mgeni, Imogen Sandford, daktari mpya wa mifugo. Bado kijana, miguu mirefu, na haogopi kuuliza.

"Mbona chumba hiki hakina ukuta wa nyuma? Fedha ziliwaishia?"

"Hakijawahi kuwa nao," Ambrose akamjibu. "Zamani watoto wa shule walikuwa wakingoja sala nje ya kanisa, wakaanza kupiga mpira kwa viganja katikati ya nguzo za ukuta. Wakanogewa. Waliokuja baadaye wakajenga pembe ileile, na kasoro zake zote. Kuta tatu, ukingo huu wa jiwe unaokufika kifuani, kipandio hiki cha kukuvunja kifundo cha mguu, na nguzo hii."

"Na nguzo ina kazi gani?"

"Kukuharibia Jumamosi."

Nikamvalisha glavu zangu za zamani, zile zenye pamba kiganjani, nikamweleza mengine. Faivzi ni mchezo wa wawili kwa wawili. Unapiga mpira kwa mkono, wa kulia au wa kushoto, na lazima ufike ukuta wa mbele juu ya ukingo. Ukigonga uso wa ukingo, au chini yake, mpira umekufa. Hakuna mwamuzi. Aliyepiga ndiye anayetamka "chini", na kama hakutamka yeye, anatamka mwenzake wa upande wake. Hatujawahi kuwa na mwamuzi na hatumtaki.

"Nitajuaje kama umegonga ukingo? Unapita haraka mno."

"Utasikia," Ambrose akasema. "Ukuta unasema pa. Ukingo unasema tok. Una sauti yake."

Kilichomshangaza zaidi Imogen ni namna ya kuanza. Kwetu anayeanza harushi ili kumshinda mwenzake. Anamrushia mpinzani mpira mzuri, wa juu, unaogusa ukuta wa mbele, kisha wa kulia, halafu unadondoka pale anapoupenda. Na mpinzani akiona haujampendeza, anauacha upite. Hatoi sababu. Anaweza kuukataa mara apendavyo, na mrushaji anaokota na kurusha tena.

"Siku nzima?" Imogen akauliza.

"Siku nzima," Ambrose akasema. "Ni haki yake. Wewe kazi yako ni kurusha."

Baadaye tulikwenda baa ya Fahali, tukala pai ya nguruwe. Nilikuwa nimechangamka, nikafanya kile kichekesho changu cha marehemu mzee Tipton, baba yake Ambrose, aliyekuwa kiziwi. Mkono nyuma ya sikio, mdomo wazi, kama alivyofanya siku ya kuwakumbuka wanajeshi, mji mzima umesimama kimya kabisa: "MBONA MNANONG'ONA?" Baa nzima iliangua kicheko. Ambrose alicheka mpaka akafuta macho, halafu akaenda kuongeza bia.

Oktoba 11

Ukuta umetoka jasho. Hatukucheza.

(Imogen alipiga simu kuuliza ukuta unatokaje jasho. Nikamwambia baridi ya wiki nzima ikifuatwa na siku ya joto na unyevu, jiwe linalowa lenyewe na mpira unateleza juu yake kama sabuni. Akasema mchezo wetu una visingizio vingi.)

Oktoba 18

Mimi na Ambrose dhidi ya Clement na Imogen. Tumeshinda, kama kawaida yetu. Tumecheza pamoja tangu nilipofungua saluni, na bado akinyanyua bega najua mpira unaelekea wapi.

Jambo moja. Katika mchezo wa pili Ambrose alipiga mpira wa chini karibu na nguzo, nikasikia tok, wazi kabisa. Hakutamka. Aliendelea kucheza, Clement akaudaka mpira mkononi, akatutazama, kisha akatupatia pointi. Nilidhani nimesikia vibaya.

Oktoba 22

Ambrose kaja kunyoa. Nilimuuliza nikiwa nyuma yake kama binti yake atakuja Krismasi. Kimya. Nikauliza tena. Kimya. Nikainua uso nikamtazama kwenye kioo: "Basi nisiulize?"

"Uliza tu, Freda," akatabasamu. "Lini uliwahi kuomba ruhusa?"

Wanaume wakizeeka hupenda kujifanya wana siri.

Oktoba 25

Tok mbili leo. Hakutamka hata moja.

Novemba 1

Jasho.

Novemba 8

Wametutembelea wale ndugu wawili wa Ashcombe, kina Pargeter. Nimekaa jikoni na miguu yangu kwenye beseni la maji moto, na nina hasira kiasi kwamba nimeunguza mkate mara mbili.

Mchezo wa kwanza wetu, wa pili wao. Wa tatu tukafika kumi na moja kwa kumi, sisi tunahitaji pointi moja. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, ukuta mkavu, na ua wote umejaa watu. Pargeter mkubwa akapiga mpira mrefu, Ambrose akaufuata nyuma, akageuka, akaupiga kwa mkono wa kushoto, pigo ambalo watu wa umri wake huliota tu usingizini. Mpira ukashuka, ukashuka, ukagonga ukingo. Tok. Kama mtu amegonga meza. Imogen alikuwa amesimama mbali nje na anasema naye alisikia.

Ndugu wote wawili wakasimama. Ambrose akanyoosha mkono juu, uso wake unang'aa, kama mtoto aliyepewa zawadi.

Kisha Pargeter mdogo akanitazama mimi. Hakusema kitu, alingoja tu. Sheria ni hiyo, mwenzako asipotamka, tamka wewe. Neno moja. Nikainama nikafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa vizuri.

"Mmecheza vizuri sana," Pargeter mkubwa akasema. Kwa lugha yetu hilo ni tusi. Wakavaa makoti, hawakubaki kula.

"Wana haraka gani?" Ambrose akaniuliza.

"Wana ng'ombe," nikamwambia.

Nilitamani kumpiga na glavu. Mtu niliyemjua miaka yote hii, ambaye aliwahi kujitamkia "chini" kwenye fainali wakati hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameona. Ndiye huyu sasa anaiba pointi kwa kina Pargeter? Kuna kitu kinamharibu mtu akishazeeka, naona. Anataka kushinda kabla hajaondoka.

Novemba 12

Nilimsema. Bibi Beddoes alikuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele, akaniuliza habari za Jumamosi, na kwa ajili ya mngurumo ilibidi nipaze sauti. Nikasema, "Ambrose Tipton amekuwa mwizi." Wanawake wengine wawili walikuwa wakingoja zamu. Nilipogeuka, wote walikuwa wakisoma magazeti yao kwa bidii sana.

Novemba 15

Jasho. Afadhali.

Novemba 22

Ambrose aliingia Fahali jioni, na mazungumzo yakahamia kwenye mvua. Nililiona. Nadhani naye aliliona, maana alikunywa nusu ya bia yake akaondoka.

Desemba 3

Clement amekuja saluni baada ya kufunga, amevaa tai. Nilijua ni jambo zito.

"Ashcombe wamesema hawatakuja tena," akaanza. "Wamesema kwa adabu. Wamesema ratiba imewabana."

"Basi tumwambie Ambrose."

"Hatutaki kumwaibisha, Freda."

"Clement, mji mzima unamsema."

"Ndiyo, lakini hajui. Kumwambia ndiko kutakakomwaibisha." Akavuta tai yake. "Kombe la kaunti ni Januari. Mimi nafikiri wewe ucheze na Imogen. Ambrose tunamwacha apumzike taratibu, bila maneno. Ungekuwa na sababu yoyote, sababu ya mwili, ingesaidia."

"Sababu ya mwili."

"Goti, kwa mfano."

Nilitakiwa kucheka nimtoe nje. Badala yake nikasema goti la kushoto huwa linanisumbua wakati wa baridi. Clement akanishukuru kama mtu aliyeokolewa majini. Watu wa hapa tunaweza kuvumilia vita na mafuriko, ila si kumwambia mtu jambo usoni.

Desemba 9

Nimemwambia Ambrose habari ya goti. Tulikuwa langoni kwake, mashine yake ya kukatia vichaka inanguruma nyuma yetu. Muda wote alinitazama mdomo, hakuondoa macho hata kidogo. Nikajua haniamini. Nikazidisha: daktari amesema hivi, daktari amesema vile.

"Basi tutangoja," akasema mwishoni. "Sichezi na mtu mwingine, Freda. Tutangoja goti."

Desemba 13

Ambrose ameleta dawa ya kuchua, mafuta ya bata na majani ya komfri, ya mapishi ya mama yake. Inanuka vibaya. Akanibebea kuni ndani, zote, ili nisipande ngazi za ghala. Nilikaa kitini nimenyoosha mguu mzima kabisa juu ya stuli, nikimwangalia akipanda na kushuka.

Desemba 20

Jasho.

Desemba 26

Michezo ya siku ya pili ya Krismasi. Kila mtu amecheza isipokuwa mimi na Ambrose. Tulikaa kwenye benchi na blanketi moja, yeye upande wangu wa kushoto. Nilisema mambo mengi ya kuchekesha kuhusu namna Clement anavyokimbia, na hakucheka hata moja. Nikaacha kusema.

Januari 10

Jasho.

Januari 17

Laiti siku hii ingerudi nyuma.

Kombe lilichezwa kwenye viwanja vya kaunti, mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa. Clement alisema Ambrose hajaambiwa. Mimi na Imogen tukashinda mchezo wa kwanza, na niseme ukweli, nilikuwa nikifurahi. Msichana yule anakimbia kwa wawili. Mimi niliruka, nilipiga magoti, nilipanda na kushuka kipandio kama mbuzi.

Katikati ya mchezo wa pili nikarudi nyuma kuokota mpira, na pale penye uwazi, ambapo ukuta wa nne ungekuwa, alisimama Ambrose na koti lake la Jumapili na chupa ya chai.

Alikuwa amepata habari kwa Bibi Beddoes kwamba nitakuwepo. Alidhani nimekwenda kutazama. Alileta chai ili tutazame pamoja. Haya alinieleza Imogen baadaye, maana aliongea naye kabla mchezo wa pili haujaanza na yeye hakujua aseme nini.

Nilibaki na mpira mkononi. Ambrose akalitazama goti langu. Kisha akaweka chupa chini, akapiga makofi mawili ya kiungwana, kama mtu anavyowapigia wageni, akaondoka. Chupa aliiacha pale.

Tulipoteza. Sikumbuki pointi hata moja.

Januari 24

Ambrose hakuja kunyoa. Chupa yake iko dirishani kwangu.

Januari 31

Jasho. Nilimwona barabarani, nywele zimemfunika kola. Alipunga mkono. Nami nikapunga. Ndiyo yote.

Februari 7

Nilikwenda uwanjani mapema kabla ya wengine, kupima kama ukuta umekauka. Nikasikia mpira kabla sijafika: tok, tok, tok. Nikashangaa, nani anafanya mazoezi ya kukosa?

Ni Ambrose. Alikuwa amenipa mgongo, amesimama hatua chache tu kutoka ukuta wa mbele. Mkono wa kushoto anarusha mpira makusudi kwenye uso wa ukingo. Mkono wa kulia ameuvua glavu na kuubandika kiganja kwenye ukuta wa kulia, vidole vyote vimetandazwa. Anarusha, anatulia. Anarusha juu kidogo, ukutani. Pa. Anatulia. Anatikisa kichwa. Anarusha tena kwenye ukingo.

"Ambrose," nikaita.

Hakugeuka.

"Ambrose!" Kwa sauti iliyowafanya kunguru waruke juu ya paa la shule.

Akarusha tena. Akainamisha kichwa, kiganja ukutani, kama daktari anayetafuta pigo la moyo. Alikuwa akitafuta mtikisiko. Alikuwa anajifundisha kuujua ukingo kwa mkono.

Yakaja yote kwa pamoja: kioo cha saluni, mdomo wangu pale langoni, benchi la Krismasi, mkono uliopanda juu mbele ya kina Pargeter na uso ule wenye furaha. Miaka yote ile juu ya trekta, bila kitu masikioni. Hakuiba kitu. Hakusikia.

Ningeingia. Ningemgusa bega tu. Lakini nilifikiri atashtuka, atajua nimemwona, ataaibika. Nikafikiri nitafute wakati unaofaa. Nikarudi nyumbani kwa ncha za vidole, nikimnyatia mtu asiyesikia. Sisi na adabu zetu!

Februari 8

Nitakwenda leo jioni.

Februari 9

Sikwenda jana. Leo wateja walikuwa wengi.

Februari 11

Clement amepita. Amekuta mfuko wa mkate umening'inizwa kwenye kitasa cha mlango wake. Ndani kuna ufunguo wa uwanja, na glavu za Ambrose. Hakuacha neno.

"Kwa kweli," Clement akasema, "mambo yamejimaliza kimya kimya kama tulivyotaka."

Nikamwambia niliyoyaona. Akaketi kwenye kiti cha kunyolea, akavua miwani. "Mungu wangu," akasema. "Na mimi nilimwandikia Pargeter kwamba tumelishughulikia."

Februari 12

Nimekwenda. Nimechukua chupa yake, na glavu zake alizoniachia Clement.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, mbwa akaja kwanza, kisha akarudi kumgusa goti, ndipo Ambrose akageuka. Kumbe mbwa alijua siku zote. Nikakaa mbele yake, penye mwanga, nikasema polepole: "Nilikuona uwanjani. Kiganja ukutani."

Akamimina chai. Ilimchukua muda.

"Tangu msimu uliopita," akasema. "Sikio la kulia limekwenda kabisa. La kushoto linasikia kama niko kwenye pipa. Sauti nene nazipata. Zile ndogo za haraka, hapana. Ukingo ulikuwa wa kwanza kupotea."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe?" Hakusema kwa ukali. Akaweka mkono nyuma ya sikio, akafungua mdomo, akafanya kichekesho changu, neno kwa neno. Anakifanya vizuri kuliko mimi. "Kila mwaka, Freda. Fahali, siku ya kwanza ya msimu. Watu wanakingoja. Baba hakuwa mtu wa kuchekesha, unajua? Alikuwa mtu wa kusoma. Alipoacha kusikia, watu waliacha kumsemesha kwa akili, wakawa wanampigia kelele kuhusu hali ya hewa. Nikasema mimi sitapitia hapo. Nikasema, nikimwambia Freda, mwakani atakuwa na vichekesho viwili."

Nilianza kulia, jambo ambalo halikumsaidia mtu.

"Niambie jambo moja," akasema. "Siku ile ya kina Pargeter. Uligonga?"

"Uligonga."

"Na kabla ya hapo?"

"Uligonga. Mara kadhaa."

Akageuza kikombe mkononi. "Na wewe ulisikia?"

"Nilisikia zote."

"Basi mimi sikusikia," akasema. "Wewe ulisikia ukanyamaza. Ungesema tu, Freda. Ungesema 'chini'. Ningenyoosha mkono, ningesema samahani, tungecheza. Ndiyo maana tuko wawili."

Nikamwambia kwamba nilimwita mwizi, saluni, kwa sauti. Akasema anajua, Bibi Beddoes alimweleza, kwa kumpigia kelele sikioni. Sijui kama ulikuwa mzaha. Nikamwambia nitasema kwa kila mtu, nitakwenda Ashcombe mwenyewe. Akasema fanya unavyoona.

Nilipoondoka glavu zilibaki mezani. Angalau hakunirudishia.

Februari 15

Nimekwenda Ashcombe. Nilimkuta Pargeter mdogo zizini, nikamweleza yote nimesimama kwenye tope. Akasema, "Mimi nilikuwa nakungoja wewe tu utamke, bibi. Yeye sikumlaumu hata kidogo. Nilikulaumu wewe."

Februari 21

Nimesimama Fahali nikawaambia watu wote. Nilisema pia kwamba kichekesho cha mzee Tipton sitakifanya tena. Mtu mmoja kule nyuma akasema, "Kilikuwa kizuri lakini." Ni kweli, kilikuwa kizuri, na ndilo linalonikera.

Februari 28

Jasho. Imogen amempeleka Ambrose mjini kwa wataalamu. Wamesema kifaa kitamsaidia kusikia watu mezani. Ukingo hautarudi.

Machi 7

Nimepita langoni kwake. Nilimwuliza, nikimtazama usoni: "Nije na ufunguo Jumamosi ijayo? Sisi wawili tu. Nitatamka zote, zako na zangu."

Akafikiri. "Njoo," akasema.

Machi 14

Alikuja, na glavu. Amevaa kile kifaa, anakishikashika kama mtu mwenye jino bovu. Amenyolewa kwingine, vibaya, kisogoni nywele zimebaki kama ngazi. Nikanyamaza kuhusu ngazi.

Ukuta ulikuwa mkavu, upepo wa mashariki, jua dogo. Nikasema, "Nikurushie?" Akaenda kusimama mahali pake chini ya kipandio. Mimi nikapanda kando ya nguzo.

Nikarusha. Ukuta wa mbele, ukuta wa kulia, ukadondoka palepale anapopapenda, ninapajua kama ninavyojua kichwa chake. Akautazama ukipita.

Nikauokota. Nikarusha mwingine, mfupi kidogo. Akauacha. Nikarusha wa juu zaidi. Akauacha. Sikuuliza, haiulizwi. Kwanza nilidhani mkono wangu umeharibika, nikawa makini zaidi, nikavua sweta. Nilirusha mirusho mizuri kuliko yote ya maisha yangu. Kila mara alijiandaa, magoti yakakunjika, mkono ukarudi nyuma, akaufuata mpira kwa macho mpaka chini, na kila mara mkono ukabaki pale pale. Nikaona kwamba anajaribu. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba hakuwa akinikomoa. Alikuwa anataka kupiga.

Nikarusha mpaka bega likawa linatetemeka. Mwishoni yeye ndiye aliyeuokota mpira, akapanda kipandio, akaniwekea kiganjani, akaufunga mkono wangu juu yake.

"Mizuri yote, Freda," akasema. "Hakuna hata mmoja mbaya."

"Nirushe tena?"

"Leo basi."

Akavua glavu. Njiani akasema angependa supu ya mbaazi, na nikamlisha, na tukaongea habari za mbwa.

Machi 21

Siku kavu kuliko zote za msimu. Nilifungua uwanja saa nne, nikangoja kando ya nguzo. Hakuja.

Machi 28

Tumefunga msimu. Clement alitaka ufunguo wangu autunze mpaka Oktoba. Nimemkatalia. Nimemwambia bado kuna mtu ninayemrushia.